Upatu: Kila Mkono na Sauti Yake

 

Maneno ya somo hili yamechapwa ili yule aliyelisikia redioni aweze pia kulisoma kwa macho yake mwenyewe. Fuateni mstari kwa mstari. Neno likikushinda, liwekee alama, kisha endelea mbele. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

Somo la leo ni juu ya upatu. Tutajifunza upatu ni nini, kwa nini unalia, hutengenezwaje, na hupigwaje katika nchi mbili ambazo watu wake wameupenda sana. Mwisho tutauliza swali moja: upatu ukiuzwa, ni nani anayepata hasara?

Kabla ya kuanza, tafuteni vitu vichache. Tafuteni sinia moja la madini, kamba, kijiti kikavu, na kitambaa kikuukuu. Vikikosekana leo, someni tu, mkavitafute kesho.

Upatu ni nini?

Upatu ni sahani ya madini ipigwayo ili ilie. Katika pwani yetu neno hili ni la zamani. Ni sahani ya shaba inayopigwa kwa kijiti katika ngoma. Ukiwa mmoja twasema upatu. Zikiwa nyingi twasema patu.

Katika nchi za mashariki ya mbali, kama Java, chombo cha namna hii huitwa gong. Jina hilo linaiga sauti yake. Litamkeni polepole: goong. Sasa mwaisikia. Sisi nasi tuna neno letu gonga, lakini msidhani kwamba watu wa Java walilichukua kwetu. Maneno hayo yamefanana tu.

Ngoma ina ngozi, na ngozi ndiyo itoayo sauti. Zeze lina uzi, na uzi ndio utoao sauti. Upatu hauna ngozi wala uzi. Mwili wake wote ndio ulimi wake.

Kwa nini upatu unalia?

Sasa chukueni sinia lenu. Mtu mmoja alishike kwa mikono miwili, akilikumbatia kifuani. Mwingine alipige kwa kijiti. Mwasikia nini? Mwasikia kishindo kifupi tu, kama mlango uliofungwa.

Haya, fungeni kamba kwenye ukingo wa sinia, mlining'inize lisiguse kitu. Lipigeni tena. Safari hii sauti ni ndefu zaidi. Sinia ni lile lile, na kijiti ni kile kile. Kilichobadilika ni nini?

Liguseni sinia kwa ncha ya kidole wakati lingali linalia. Mtahisi kwamba linatetema. Kutetema ni kwenda mbele na kurudi nyuma upesi sana, hata macho hayaoni. Sinia linapotetema huusukuma upepo ulio karibu nalo, na upepo huo husukuma mwingine, mpaka mtikisiko ufike masikioni mwenu. Huo ndio sauti. Mlipolikumbatia sinia, mwili wa mtu uliuzuia mtetemo. Lilipokuwa linaning'inia, hakuna kilichouzuia.

Ndiyo sababu shule nyingi zinazotumia rimu ya gurudumu la gari badala ya kengele huining'iniza mtini. Rimu iliyolazwa chini hailii vizuri, hata ukiipiga kwa nguvu zako zote.

Sasa fungeni kitambaa kwenye ncha ya kijiti mpaka kiwe kichwa laini. Lipigeni sinia mara moja kwa ncha tupu, kisha mara moja kwa kichwa laini. Ncha tupu hutoa sauti nyembamba na kali. Kichwa laini hutoa sauti nene na ya upole. Kwa hiyo upatu mkubwa hupigwa kwa kirungu chenye kichwa laini. Kirungu kikavu kingeufanya upige kelele badala ya kuimba.

Kuna jambo moja zaidi. Watu wengi hudhani kwamba upatu ni kengele iliyobanwa ikawa bapa. Sivyo. Kengele hutetema sana ukingoni, na juu, pale inapofungwa, hutulia. Upatu ni kinyume chake. Hutetema sana katikati, na ukingoni hutetema kidogo. Kwa hiyo kengele hufungwa utosini ikapigwa mdomoni, na upatu hufungwa ukingoni ukapigwa tumboni.

Aina mbili

Patu ni za namna nyingi, lakini leo tushike aina mbili.

Aina ya kwanza ni bapa. Upatu mkubwa wa namna hii hutumika sana katika nchi ya China. Ukiupiga, hutoa sauti nyingi kwa pamoja, nene na nyembamba, kama bahari inayoumuka. Huwezi kuifuata sauti yake kwa kuimba, kwa maana hujui uishike ipi.

Aina ya pili ina nundu katikati, na ukingo uliokunjwa kwa nyuma. Patu za Java ni za namna hii. Kirungu hupiga pale penye nundu. Nundu pamoja na ukingo mrefu huufanya upatu utoe sauti moja iliyo wazi. Sauti hiyo mtu aweza kuifuata kwa kuimba. Basi upatu wa aina hii waweza kuwekwa pamoja na wenziwe, kila mmoja na sauti yake, zikafanya wimbo.

Mhunzi wa Java

Java ni kisiwa katika nchi ya Indonesia. Huko patu nzuri hufuliwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Mchanganyiko huu huitwa bronzi. Kipimo cha zamani cha Java ni sehemu 10 za shaba kwa sehemu 3 za bati. Bati nisemalo hapa si mabati ya kuezekea nyumba. Mabati ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini mengine, meupe na laini.

Karibu na mji wa Surakarta kuna kijiji kiitwacho Wirun, kinachojulikana kwa wahunzi wa patu. Tuone kazi yao.

Kwanza huyeyusha shaba na bati pamoja, wakamimina katika kalibu. Wapatacho ni mkate mnene wa madini, mviringo. Mkate huo hutiwa motoni mpaka uive kwa wekundu. Kisha mmoja huugeuza juu ya fuawe, na wenzake huupiga kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, bila kugongana. Ukipoa hurudishwa motoni. Hufanya hivyo mara nyingi sana, na kila mara mkate huzidi kupanuka na kuwa mwembamba.

Kiwanda chao huwa na giza, na giza hilo ni la makusudi. Mhunzi hana kipimo cha joto ila jicho lake. Katika mwanga wa jua rangi ya moto haionekani vizuri. Akipiga wakati madini yamepoa kupita kiasi, yatapasuka, na kazi yote itarudi katika chungu cha kuyeyushia.

Ndugu mnaowajua wahunzi wa kwetu, sikieni ajabu hii. Mhunzi wa mapanga akitaka feleji iwe ngumu, huitia motoni kisha huitumbukiza majini. Feleji hiyo huwa ngumu, lakini pia huwa rahisi kuvunjika, hata ni lazima kuipasha moto kidogo tena ili ipungue ukali. Bronzi ya patu ni kinyume. Ikiachwa ipoe polepole huwa ya kuvunjika kama kigae. Ikitumbukizwa majini ingali nyekundu, hupungua ugumu ikawa imara, nayo huvumilia nyundo. Moto ni ule ule na maji ni yale yale, lakini madini mawili hujibu namna mbili.

Mwisho wa yote ni kazi ya masikio. Fundi huupiga upatu uliopoa, akasikiliza, akaugonga kidogo hapa, akaukwangua kidogo pale, mpaka sauti yake ipatane na ya wenziwe. Hata baada ya kuuzwa, sauti ya upatu mpya huweza kusogea kadiri miaka ipitavyo. Hapo fundi huitwa tena.

Nukta na mkato

Kundi la vyombo vya Java huitwa gamelan. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liitwalo UNESCO, liliiandika gamelan katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Katika gamelan upatu mkubwa kuliko zote huitwa gong ageng. Upana wake waweza kukaribia mita moja. Mgeni akiuona hudhani kwamba utapigwa kila wakati. Sivyo hata kidogo. Katika aina moja ya wimbo, mzunguko mmoja una mapigo 32, na upatu huu mkubwa hupigwa mara moja tu, katika pigo la 32. Patu ndogo huugawa mzunguko huo katika vipande. Aina iitwayo kenong hupigwa katika mapigo ya 8, 16, 24 na 32. Aina iitwayo kempul hupigwa katika mapigo ya 12, 20 na 28.

Ninyi mmejifunza kusoma, nanyi mwajua kazi ya nukta na mkato. Mkato humwambia msomaji apumzike kidogo. Nukta humwambia kwamba maneno yametimia. Basi kenong na kempul ni kama mkato, na upatu mkubwa ni nukta. Andika ukurasa mzima bila nukta, uone kama kuna atakayekuelewa.

Jaribuni wenyewe darasani. Kundi la kwanza ligonge meza katika hesabu ya 8, 16, 24 na 32. Kundi la pili lipige makofi katika 12, 20 na 28. Mtu mmoja asimame na sinia, naye apige katika 32 tu. Mwalimu ahesabu kwa sauti, bila haraka. Rudieni mara tano. Mtaona kwamba kazi ya mwenye sinia si nyepesi. Hungoja mapigo 31. Akipiga mapema, ameukata wimbo. Akisahau, wote hawajui wamefika wapi.

Upatu mmoja, mtu mmoja

Sasa tuondoke Java, twende nchi ya Vietnam, katika Nyanda za Juu za Kati. Ni nchi ya milima na misitu, na leo ni nchi ya kahawa pia. Huko wanakaa makabila kama Wagia Rai, Waede na Wabana. Watu hawa hawafui patu wenyewe. Tangu zamani hununua kutoka kwa watu wa bondeni au nchi za jirani. Lakini upatu ulionunuliwa haupigwi hivi hivi. Kwanza hupelekwa kwa mtu mwenye masikio mema, naye huugonga taratibu mpaka uingie katika sauti za kijiji hicho. Patu zao nyingine zina nundu, na nyingine ni bapa. Upana wake huanzia sentimita 25 hadi 80.

Kundi la patu laweza kuwa na patu 2, au hata 20. Na sikilizeni vizuri hapa: kila mtu hupiga upatu mmoja tu. Mkono mmoja hupiga, na mwingine huweza kuuzima mlio. Hakuna mtu mmoja aliye na wimbo mzima. Wimbo umegawanywa kwa watu wote, nao hupatikana pale tu kila mmoja anapopiga kwa zamu yake.

Patu hizi zilipigwa mpunga ulipobarikiwa, nyati alipochinjwa kwa ibada, na maiti alipoombolezwa. Karibu kila jamaa ilikuwa na upatu wake, na upatu ulionyesha utajiri na heshima ya nyumba ile.

Kisha maisha yakabadilika. Misitu ikapungua, mashamba ya kahawa yakaenea, ibada za zamani zikaachwa na wengi, na vijana wakapenda muziki mwingine. Patu zikakaa ukutani kimya. Ndipo wakaja wanunuzi. Wengine walizitaka kwa ajili ya kuziuza tena kwa watu wapendao vitu vya kale. Wengine walizitaka kwa ajili ya kuziyeyusha tu. Patu nyingi zikaondoka vijijini kwa njia hiyo.

Tusimlaumu haraka aliyeuza. Mtu mwenye deni, au mwenye mtoto mgonjwa, hutazama ukutani aone cha kuuza. Upatu ni mali yake. Lakini tufanye hesabu.

Tuseme kijiji kina kundi la patu sita, za nyumba sita. Mtu mmoja anauza upatu wake. Mnunuzi anaweka madini katika mizani, anatoa fedha, anakwenda zake. Kijiji kimebakiwa na patu ngapi? Kwa hesabu ya ubaoni, zimebaki tano. Kwa hesabu ya wimbo, huenda haujabaki wimbo hata mmoja. Kila mahali sauti ile ilipokuwa ikilia, sasa pana shimo. Wale watano hawakuuza kitu, lakini patu zao pia zimepoteza kazi. Na kununua upatu mwingine hakutoshi, maana ni lazima apatikane mtu wa kuupatanisha na wenziwe. Mzee huyo akiwa amekufa bila kumfundisha mtu, fedha haitamrudisha.

Basi, ile bei ya mizani ililipa uzito wa madini tu. Sauti haikulipwa, kwa sababu haikuwa ya yule aliyeuza peke yake.

Watu wa huko waliliona jambo hili. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utamaduni wa patu wa Nyanda za Juu kuwa hazina ya wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ile ile ya urithi niliyoitaja. Tangazo ni jema, lakini karatasi haipigi upatu. Upatu huokolewa pale kijana anapokaa karibu na mzee, akapewa sauti moja, akajifunza kungoja zamu yake.

Na sisi?

Katika Kiswahili neno upatu lina maana mbili. Maana ya kwanza ni chombo hiki tulichojifunza. Maana ya pili mwaijua sana, hasa akina mama: kucheza upatu ni kuchanga fedha, kila mtu fungu lake, na kila mtu kupokea kwa zamu. Siwaambii kwamba maana moja imezaliwa na nyingine. Lakini mcheza upatu wa fedha hana haja ya kuelezwa habari za Nyanda za Juu. Anajua kwamba mmoja akijitoa katikati, si fungu lake tu lililopotea, bali mpango wote umeharibika.

Ngoma za kwetu nazo zina patu, manyanga, kayamba, siwa na nzumari. Vingine vingali vinapigwa. Vingine vimewekwa darini, na mwenye kuvijua amezeeka. Zamani habari zao zilikaa katika vichwa vya watu, kwa kuwa wengi hawakujua kuandika. Ninyi sasa mwajua.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni hii. Mwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kupiga chombo katika ngoma. Msalimu, kaa chini, muulize kwa adabu. Andika katika daftari lako jina la ngoma, jina la chombo, kimetengenezwa kwa nini, kilipigwa wakati gani, na nani walipiga pamoja naye. Mwombe akupigie pigo lake mezani kwa vidole, nawe uhesabu. Andika hesabu hiyo. Usihofu makosa ya herufi, mwalimu atayasahihisha.

Maswali

1. Kwa nini sinia linaloning'inia hulia zaidi ya sinia lililokumbatiwa?
2. Upatu na kengele vinatofautianaje katika kutetema?
3. Wahunzi wa Java huchanganya shaba na bati kwa kipimo gani? Ukiwa na kilo 20 za shaba, utahitaji kilo ngapi za bati?
4. Katika mzunguko wa mapigo 32, kenong hupigwa mara ngapi? Kempul mara ngapi? Upatu mkubwa mara ngapi?
5. Mtu mmoja akiuza upatu wake, kwa nini jirani zake nao hupata hasara?

Maneno magumu

*Kutetema*: kutikisika upesi upesi.
*Nundu*: sehemu iliyotuna.
*Kalibu*: chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo.
*Fuawe*: kitu kigumu ambacho mhunzi hufulia juu yake.
*Feleji*: chuma kigumu cha visu na mapanga.
*Siwa*: baragumu kubwa la pembe au shaba.

Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Msisahau kuja na madaftari yenu, ili kila mmoja asome mbele ya wenzake alichoandika. Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka juma lijalo.